Pete Nyekundu Katika Upepo wa Wyoming

Gari lilitikisika kama susu la mtoto linalosukumwa na yaya mwenye hasira, na Roslyn Zelenka akaamka akicheka.

Siku zote za maisha yake alikuwa ameamkia chumba kimoja, nyumbani kwa mama yake kule Wilber, Nebraska, dirisha likitazama ghala la mahindi la jirani. Leo dirisha lilikuwa dogo kama sinia, na nje yake ilikuwapo Wyoming nzima: nyasi kavu, mbingu, na upepo. Mfuko wa plastiki ulipita mbio. Ukafuata wa pili. Kisha kikapita kiti cha kukunja, peke yake, bila mwenyewe.

"Umekiona?" Sauti ya Orrin ilitoka jikoni, na jikoni ni pale pale, ukinyoosha mkono unafika. "Hicho kiti kinakwenda kuwasalimia kwenu Wilber."

"Kimesahau kuaga."

"Kina adabu mbaya kama mimi. Muulize mama yako."

Roslyn aliinua pazia. Orrin Faulk alikuwa amesimama na vikombe viwili vya kahawa, nywele zimemsimama upande mmoja, shavu lina alama ya mshono wa benchi. Alilala kwenye benchi la mezani tangu safari ianze, miguu ikining'inia nje, kwa amri ya mama. Roslyn na mama yake walilala kitanda cha nyuma. Orrin hakunung'unika. Alimtazama Roslyn, na kwa kuwa mama alikuwa bado anakoroma, alimtazama kwa muda wake wote, bila kuiba. Damu ilimpanda msichana wa watu mpaka masikioni. Kahawa ikapoa vikombeni.

"Nikuhesabie nini?" akanong'ona Orrin. "Nywele moja moja?"

"Hesabu upesi. Amenyamaza."

"Nimenyamaza kwa sababu nimeamka," sauti ya mama ikasema kutoka chini ya blanketi. "Na masikio yangu yameamka kabla yangu."

Ninyi wenye mabinti mtamwelewa Irma Zelenka. Binti yake mkubwa aliolewa na mwanaume wa safari, akachukuliwa hadi Alaska, na sasa sauti yake husikika kwenye simu wakati wa Krismasi tu, tena kwa haraka. Akabaki huyu mdogo. Na huyu mdogo, mabwana wote wa Wilber wenye mashamba na nyumba za matofali asiwaone, akampenda Orrin, kijana kutoka Oregon aliyekuja na kundi la wavunaji wa ngano, watu wanaofuata mavuno toka jimbo hadi jimbo na kulala kwenye magari. Hata nyumba yake ilikuwa hili gari-nyumba alilorithi kwa babu yake: jiko, kitanda, choo na meza, vyote juu ya magurudumu sita.

"Mwanaume wa magurudumu hana neno," Irma alisema siku Orrin alipokuja kuposa. "Leo yuko hapa, kesho unauliza vumbi."

"Mama, nijaribu," Orrin akamjibu. "Jumapili ya wiki ijayo bibi yangu kule Oregon anatimiza miaka tisini. Njoo na Roslyn. Nitakuketisheni mezani kwake siku hiyo, chakula cha mchana."

Irma akageuza pete yake kidoleni, pete ya jiwe jekundu iliyokuja na nyanya yake kutoka nchi ya Wacheki. "Haya. Ukinifikisha Jumapili, hii inatoka kidoleni mwangu, inakwenda kwa Rosi, na mimi nitacheza harusini. Usiponifikisha, Rosi anapanda basi na mimi, turudi kwetu, na wewe uendelee na ngano zako. Tusikusikie tena."

Roslyn alikuwapo. Roslyn aliitikia. Kosa la kwanza hilo, mabinti: kukubali moyo wenu uwekewe tarehe.

Leo ilikuwa Ijumaa. Walikuwa kambi ya magari-nyumba pale Laramie, na mlima ulikuwa bado mbele yao.

Irma alitokea, nywele ndani ya kitambaa, akaketi, akavuta karibu bati lake la kolache. Alizioka mwenyewe siku ya kuondoka, mikate midogo mitamu yenye plamu na mbegu za popi katikati, kwa ajili ya bibi yake Orrin. Orrin aliunyoosha mkono. Irma akalifunga bati.

"Hizi ni za wenyeji. Akina Zelenka hawaendi ugenini mikono mitupu."

"Nilitaka kuonja tu, mama mkwe."

"Mama nani?"

"Mama."

"Ala. Nilidhani nimesikia vibaya."

Roslyn akaficha kicheko ndani ya kikombe. Kicheko hicho hakikudumu. Redio pale juu ya jiko ilikuwa inasema habari za barabara, na Orrin akaiongeza sauti. Upepo mkali mlimani. Theluji yafuata jioni. Barabara kuu ya kwenda Rawlins imefungwa kwa magari yote marefu mepesi, mpaka itakapotangazwa tena, pengine kesho kutwa.

"Magari marefu mepesi ni yapi?" Irma akauliza.

"Sisi," alisema Orrin. Hili gari lilikuwa refu kwenda juu na jepesi kama boksi la viatu. Upepo ukilishika ubavuni unalilaza.

Upepo ukapiga teke mlango.

"Kesho kutwa ni Jumapili," Irma akasema taratibu, na kidole chake kikaigusa pete.

"Kwa hiyo tunasubiri," alisema Roslyn. "Au tunabadilisha njia, tunashuka kusini, Colorado, tunazunguka. Bibi hatatukimbia. Jamani, si ndiyo raha ya kuwa na nyumba yenye magurudumu? Tunaigeuza!"

"Tukizunguka hatufiki Jumapili," alisema Orrin.

"Basi tutafika Jumanne!"

"Rosi," Irma akasema, "mwache bwana aongee. Neno ni lake."

Orrin alijikuna shingo. "Ipo barabara ya zamani. Inapita Rock River na Medicine Bow. Hiyo hawajaifunga."

"Haina upepo?" Roslyn akamuuliza.

"Upo. Umepungua kidogo."

"Nani kakwambia umepungua?"

Orrin alikuwa anaitazama pete.

Walitoka nje kufungasha, na huko ndiko walikogombana, kwa makelele, kwa kuwa upepo ule haukuruhusu mtu kugombana kwa adabu.

"Unamwogopa mama yangu kuliko mlima!"

"Namwogopa, ndiyo! Mlima haunipi mke!"

"Na mimi unaniuliza saa ngapi? Mimi ni mzigo humo ndani, kama bati la kolache?"

"Roslyn, nikishindwa Jumapili nakupoteza!"

"Na tukipinduka?"

"Hatupinduki! Ingia garini!"

Ingia garini. Orrin hakuwahi kusema naye hivyo. Roslyn alihisi kama kofi, akaingia, akaufunga mlango kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Kwa ghadhabu hiyo wakasahau jambo ambalo mwenye gari-nyumba halisahau hata akiwa na homa. Kabla ya kuondoka kambini, watu hawa hulizunguka gari. Mmoja huita, mwingine huitikia, kitu kwa kitu, maana ukiondoka na ngazi imeshuka utaivunja, ukiondoka na waya wa umeme umechomekwa utang'oa nguzo ya watu. Orrin na Roslyn walikuwa wameufanya mchezo wao. Mpira wa maji? Umo! Waya? Umo! Ngazi? Imepanda! Turubai? Limefungwa! Na mwisho kabisa Orrin huita, "Moyo?" Roslyn huitikia, "Umo!" na kama mama anatazama kwingine, busu.

Asubuhi hiyo hakuna aliyeita. Orrin alichomoa waya na mpira, akavitupa kisandukuni, akapanda, akawasha.

Barabara ya zamani ilikuwa tupu. Mwanzoni hata Roslyn alisahau hasira, maana nchi ile ilikuwa inakimbia yote: nyasi zinakimbia, mawingu yanakimbia, swala wa manjano na weupe wanakimbia sambamba na gari kana kwamba wameweka dau. Moyo wake ulikuwa unadunda kwa hofu na furaha pamoja, asijue ipi ni ipi. Orrin aliushika usukani kwa mikono yote miwili. Kila upepo ulipopiga, gari lilihama nusu njia, naye akalirudisha. Sahani ziligongana kabatini. Irma alikuwa ameshika bati la kolache mapajani na midomo yake inakwenda. Alikuwa anasali kwa Kicheki, jambo alilolifanya misibani tu.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa. Tazama mbele."

"Anayeendesha si mimi."

"Basi mtazamie mwenzio!"

Ndipo juu ya vichwa vyao kikasikika kishindo, kama mtu amerarua shuka la mbingu.

Upande wa kulia ukaingia giza. Lile turubai la kivuli, ambalo hukunjwa ubavuni mwa gari na kuvutwa wakati wa kupumzika, lilikuwa limefunguka. Lilijaa upepo, likawa bawa. Gari likainuka ubavu mmoja. Roslyn aliona dirisha lake likitazama mbingu. Alisikia mama yake akiita jina lake, Rosi, Rosi, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mtoto aliyetumbukia mtaroni. Orrin alikata usukani kuufuata upepo badala ya kuupinga, akashuka kwenye majani, gari likarudi chini kwa kishindo, likayumba, akaligeuza taratibu mpaka pua ikaukabili upepo. Likasimama.

"Mmeumia?" Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Roslyn! Mama! Mmeumia?"

"Toka ukalikate hilo dude!" Irma akapiga kelele. "Litatuua!"

Alifungua droo, akampa kisu cha mkate. Orrin akatoka, Roslyn nyuma yake. Upepo ulimkamata msichana ukamtupa kwenye ubavu wa gari, akaukumbatia ubavu huo na kutambaa nao. Orrin alipanda ngazi ya nyuma akalala kifudifudi juu ya paa. Roslyn akapanda nusu, akamshika mguu. Akahisi mikono mingine imemshika yeye kiunoni. Alikuwa mama yake, kitambaa kimeruka, mvi zimesimama wima, analia na kutukana kwa lugha mbili.

"Shika mguu wake, Rosi! Usiuachie huo mguu!"

"Siuachii!"

"Sasa wewe kijana, kata! Hujawahi kukata mkate?"

"Mkate haupigi, mama!"

Roslyn, Mungu amsamehe, alicheka. Alicheka machozi yakimtoka, ameushika mguu wa mwanaume wake juu ya Wyoming, na hapo ndipo alipojua kwamba mguu huu hatauachia, Jumapili ifike isifike. Kitambaa cha turubai kikapasuka mara ya mwisho. Turubai likaruka, likapaa juu ya nyasi kama ndege mkubwa wa bluu, swala wakatawanyika, nalo likaenda zake njia ya Nebraska.

"Likifuate kile kiti," alisema Orrin alipotua chini, akaketi majanini.

Waliingia ndani. Orrin alibaki na kipande cha ukingo wa turubai mkononi, upande ule unaojiviringa. Alikigeuza, na Roslyn akaona kilichobanwa kwenye mkunjo: kibanio cha nguo, cha mti, chenye doa la rangi ya kijani. Vibanio vya aina hiyo Roslyn alivijua. Alivipaka rangi mwenyewe akiwa darasa la tatu, zawadi ya Siku ya Mama.

Akamtazama mama yake. Irma alikuwa ameketi, macho kwenye bati. Jana jioni alifua mataulo. Alivuta turubai kidogo apate pa kuyaanika, na alipomaliza akalirudisha. Komeo la kulifunga hakulijua, na hakuuliza, maana kumuuliza Orrin kitu kulikuwa kama kumkopa.

Orrin alikiona kibanio. Alikijua ni cha nani, maana humo ndani hakuna mwingine anayeanika nguo. Akakitia mfukoni polepole.

"Kosa ni langu," alisema. "Sikulizunguka gari. Dereva ni mimi, ningelizunguka ningeona. Na hata lingefungwa kwa minyororo, kosa bado ni langu. Roslyn aliniambia. Niliona pete, sikuona watu."



Orrin akatoa simu, akapiga, akaiweka sauti kubwa mezani ili asiwepo wa kusema kwamba amesema kingine.

"Bibi Opal? Mimi Orrin. Bibi, Jumapili sifiki. Upepo umetuzuia. Nageuza gari."

"Nani anakulazimisha kufika?" Sauti ya bibi ilikuwa kavu na changamfu. "Nimefika tisini bila nyie, nitafika tisini na wiki moja nikiwangoja. Keki naitia kwenye friza. Huyo msichana yupo hai?"

"Yupo, bibi."

"Mama yake?"

Orrin akamtazama Irma. "Yupo. Ndiye aliyetuokoa, kwa kisu cha mkate."

"Basi mlete huyo. Tutaelewana."

Simu ikakatika. Orrin akasimama mbele ya Irma, kofia mkononi, kama siku ile alipokuja kuposa.

"Mama, neno langu la Jumapili nimelivunja. Nalivunja kwa kusudi. Nageuka hapa hapa, turudi Laramie upepo ukiwa mgongoni, na ukitaka nikufikishe kituo cha basi, nakufikisha. Roslyn ni mtu mzima, atasema mwenyewe. Mimi ningependa tushuke kusini, kuna jua huko, tuzunguke pole pole. Lakini mlima huu siupandi na ninyi ndani. Hata kwa pete."

"Mimi sipandi basi," alisema Roslyn. Sauti yake ilitoka imara kuliko alivyotarajia. "Mama, nakupenda. Basi sipandi."

Nje upepo ulikuwa unapiga mbinja. Irma akanyoosha kiganja.

"Kitoe."

"Nini, mama?"

"Kilicho mfukoni. Nimepofuka macho mimi? Nimeona unakificha."

Orrin akakitoa kibanio. Irma akakishika, akakigeuzageuza.

"Baba yake Rosi, marehemu, alikuwa mtu mwema," alisema. "Lakini chumvi ikizidi, mwenye kosa ni mimi. Ng'ombe akitoroka, ni mimi. Mvua isiponyesha, anatazama huku." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa nangoja useme. Toka tuliposimama nangoja, 'Mama yako katuua.' Ungelisema, kweli ingekuwa yako. Mbona hukusema?"

"Ingesaidia nini, mama?"

"Ndiyo. Ingesaidia nini." Akaanza kuivuta pete. Haikutoka. Kidole kilikuwa kimenenepa tangu ujana, na mafundo ya mifupa yamekaza. Akaivuta, akaipaka mate, akaapiza. "Pete ya shetani! Rosi, lete siagi!"

Roslyn akaleta siagi. Wote watatu wakaikazania pete ile, mmoja anapaka, mmoja anazungusha, Irma anaguta kama mzazi mwenye uchungu, mpaka ikaruka, ikagonga kabati, ikatua ndani ya kikombe cha kahawa cha asubuhi kilichobanwa kwenye sinki. Wakapasuka kwa kicheko. Orrin aliitoa kwenye kahawa kwa kijiko, akapiga goti pale pale penye nafasi ya goti moja tu, na akamtazama Roslyn vile vile alivyomtazama asubuhi, bila kuiba, mama akiwapo.

"Ina siagi," alisema.

"Itaingia vizuri," alisema Roslyn.

Ikaingia.

Irma akafungua bati. "Kuleni. Mwenyeji wenu yuko mbali, nazo zitakauka. Nitamwokea nyingine huko huko, si ana jiko?" Akamwekea Orrin mbili, kisha ya tatu. "Msikilize Irma, kijana. Siku utakapomwambia tena binti yangu 'ingia garini', nitakuja na kile kisu, hata ukiwa wapi."

"Nimesikia."

Nawe unayesoma, na wewe sikia. Asubuhi ya jua kila mwanaume ni mzuri. Mtazame njia inapofungwa. Mtazame anavyoshika kibanio cha mwenzake.

Alipomaliza kula, Orrin alitoka nje. Roslyn alishuka naye, pete inang'aa nyekundu kwenye mwanga ule wa kabla ya theluji, na upepo ukamvuruga nywele asijali. Wakalizunguka gari, yeye upande huu, Orrin upande ule.

"Mpira wa maji?" Orrin aliita.

"Umo!"

"Waya?"

"Umo!"

"Ngazi?"

"Imepanda!"

"Turubai?"

"Limekwenda Wilber!"

"Moyo?"

"Umo!" Roslyn alipiga kelele mpaka swala wakainua vichwa. "Umo, umo!"

Wakakutana mbele ya gari, na safari hii hakuna aliyeangalia nani anatazama. Orrin alipopata pumzi, akageukia dirisha dogo la jikoni, akasita kidogo, kisha akaita kwa sauti ya chini.

"Mama mkwe?"

Dirisha likafunguka kidogo. Upepo ukaingia, pazia likaruka.

"Yumo," Irma akaitikia, mdomo umejaa kolache. "Washa gari, bwana, theluji hiyo inakuja!"